Makopo Matatu ya Saruji

Siku yangu ya kwanza kazini Birmingham nilidhani wamenidharau. Nilikuwa nimejenga kuta za mawe Machakos na Nairobi miaka mingi, na mtu aliyetaka ukuta ulionyooka alinitafuta mimi kwa jina. Sasa Msimamizi, Mwingereza mrefu mwenye sauti ya chini, akanipa ndoo ya chokaa na kuniambia nianze kuchanganya. Kwetu chokaa ni ya kupaka ukuta uwe mweupe na kuchora mistari ya uwanja wa mpira. Nikamuuliza tunapaka nini. Akasema, "Hatupaki. Tunajengea." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ninyi vijana mnaoingia ujenzini siku hizi mtanisamehe nikieleza polepole, maana kazi yenyewe ilikuwa ya polepole. Ofisi yetu ilikarabati majengo ya kale: makanisa, kuta za makaburi, nyumba za matajiri wa zamani. Chokaa huzimwa kwa maji mpaka iwe laini kama siagi, ikachanganywa na mchanga, ndipo ukajaza maungio, yaani nafasi iliyo kati ya jiwe na jiwe. Kisha unaifunika kwa magunia mabichi, unairudia kesho na keshokutwa, unaipiga kwa brashi, unailinda na jua, mvua na baridi. Mimi nilizoea saruji, ambayo ukiiweka leo kesho unaipanda. Kazi hii niliiona ni ya kulea mtoto mchanga, na mimi sikuja Uingereza kuwa yaya.

Nilijifunza upesi, sitaficha. Lakini moyoni sikukubali. Kwetu fundi hupimwa kwa ugumu wa maungio yake. Mwenye nyumba huja na msumari, anakwaruza, na mchanga ukimeguka mtaa mzima utakujua. Chokaa ya Msimamizi nilipoikwaruza, ilimeguka. Nikajiambia hawa wazungu wanapenda tu mambo ya kizamani.

Mwenzangu kwenye jukwaa la ujenzi alikuwa Papa Amani, Mkongomani wa Bukavu aliyekaa mtaa wa Alum Rock. Mimi nilikaa Stechford, mtaa wa jirani. Mwaka wangu wa pili tulipewa ukuta wa kaskazini wa kanisa moja dogo la kale. Mvua ilituchelewesha, na baridi ya kugandisha maji ikawa inakaribia. Chokaa mbichi ikigandishwa hubomoka yote. Msimamizi alisema tusipomaliza wiki ile tufunge kazi mpaka baridi ipite. Mimi, kwa mdomo wangu, nilishamwahidi kwamba tutamaliza.

Basi siku moja Msimamizi alipokwenda kula chakula cha mchana, nilichukua mfuko wa saruji uliobaki kwenye kazi ya nguzo za ua, nikatia makopo matatu katika kila mchanganyiko. Rangi ya kijivu niliifunika kwa mchanga wa njano. Papa Amani akaacha kazi akanitazama.

"Vieux, mzee wangu, unafanya nini pale? Ile haiko chokaa."

"Naisaidia ishike. Wee changanya tu, boss ako na haraka."

"Sawa," akasema. "Miye sijaona. Lakini ukuta umeona."

Tulimaliza Ijumaa. Msimamizi alipita na tochi yake, akasema kazi ni safi, akatia saini barua ya kuwathibitishia watu wa kanisa kwamba ukuta wao umejazwa chokaa tupu. Na kama shukrani, akatuchagua mimi na Papa Amani kwenda Ujerumani wiki nzima, kwenye karakana iliyokuwa ikikarabati lango la kale la mji mmoja mdogo.

Lango lile sitalisahau. Lilijengwa enzi ambazo mji mzima ulizungushiwa ukuta na kila mgeni alihojiwa kabla ya kuingia. Lilikuwa na minara miwili ya mviringo na tao katikati, na ubavuni mwa tao bado kulikuwa na mifereji ambamo mlango mzito ulishushwa kwa minyororo. Siku hizi watu wanapita chini yake na baiskeli na mikate yao bila hata kutazama juu. Nilipiga picha hapo nikiwa na helmeti, nikamtumia mke wangu, Mama Kioko, naye akaitupa kwenye group ya kanisa letu. Kabla sijashuka ngazi nilikuwa nimeshaitwa fundi wa kimataifa. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo.

Fundi Mkuu wa lango alikuwa mama wa makamo, mfupi, mikono yake imepasuka kama yangu. Alitupandisha jukwaani na kunipa nyundo ndogo. "Gonga huu kwanza," alisema kwa Kiingereza cha kupimapima. Mnara wa kulia ulikuwa na maungio ya chokaa. Jiwe lililia vizuri, sauti ya jiwe zima. Kisha akanipeleka mnara wa kushoto, ambao mafundi wa zamani waliujaza saruji. Nikagonga. Sauti ilikuwa ya debe tupu, na uso wa jiwe ukaniangukia mkononi, unga mtupu. Saruji yenyewe ilikuwa imara kabisa, imejitokeza nje kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Jiwe ndilo lililokufa.

"Ukuta hunywa mvua," alisema Fundi Mkuu. "Ni lazima uitoe. Chokaa huiacha ipite kwenye maungio. Saruji huziba, kwa hiyo maji hutokea kwenye jiwe, yanaganda humo, yanalipasua. Aliyefanya hivi alikuwa fundi mzuri. Tazama mistari yake ilivyonyooka." Halafu akanigeukia. "Na nyinyi Birmingham mnajazia nini?"

"Chokaa tupu," nikasema.

Akatabasamu, akanipa mkono. Nilijisikia mdogo kuliko kokoto.

Mchana tulikaa chini ya tao kula mkate.

"Ulimudanganya ule mama," Papa Amani akasema.

"Ulitaka nisemeje? Nikisema, kazi imeenda. Na permit yangu imefungwa na hii kazi. Nitarudishwa nyumbani na familia yangu, na Kioko ako form ya mwisho."

"Najua. Na miye nilinyamaza, tuko wawili mu hii mambo." Akatafuna. "Lakini ile jibwe ya ukuta wa kanisa, ilikosa nini?"

Nilimkasirikia, nikafunga mkate wangu nusu na kurudi jukwaani.

Tuliporudi nilimwambia Mama Kioko kila kitu. Alikuwa ametoka zamu kwenye nyumba ya wazee, miguu ndani ya beseni. "Ukisema, tukirudishwa?" akauliza. Nikamwambia inawezekana. Alitoa miguu majini, akaifuta. "Basi useme mapema," akasema, "kabla sijapata muda wa kukukataza."

Jumatatu nilimngoja Msimamizi mlangoni pa ofisi. Nilimweleza bila kuzungukazunguka: makopo matatu, kila mchanganyiko, ukuta wote. Jina la Papa Amani sikulitaja, lakini nilipogeuka alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Me also." Msimamizi hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu.

"Nimetia saini barua ile," alisema. "Umenifanya niwaongopee watu kwa jina langu."

Hakunifukuza. Alinipeleka kwa watu wa kanisa, nikasema mwenyewe mbele yao, nikiwa nimeshika kofia. Kisha akatupa patasi na nyundo. Mashine alitukataza, kwa kuwa ingeng'oa jiwe pamoja na saruji. Tulichokonoa ukuta ule inchi kwa inchi hadi viganja vikatoka damu, na kila jiwe lililotoka zima nililishukuru. Yalipona karibu yote. Baridi ilipokwisha tulijaza upya, chokaa tupu, na magunia yake mabichi.

Tangu hapo, kila asubuhi, Msimamizi alisimama kwenye ndoo yangu. Alitumbukiza vidole, akasugua, akanusa, akaenda. Ndoo za wengine alizipita. Alifanya hivyo tulipokuwa mtaa wa Sparkhill, na tulipohamishiwa mashambani, na kwenye kila ukuta kwa zaidi ya mwaka. Sikunung'unika. Niliinua mfuniko kabla hajafika.

Mwaka jana nilistaafu. Kanisani kwetu vijana waliniuliza ni kazi gani ninayojivunia zaidi, wakitegemea nitaje mnara fulani au lile lango la kwenye picha. Minara ninayo mingi, na maungio yangu bado yamesimama, lijueni hilo. Lakini niliwaambia habari ya asubuhi moja ya kawaida tu, manyunyu yakianguka. Msimamizi alikuja akipanda jukwaa. Nikainua mfuniko, nikasogea kando kumpisha. Akasema, "Habari za asubuhi, fundi," akapita bila kutumbukiza kidole.

Papa Amani aliniuliza kama chokaa imeniingia machoni. Nikamwambia hapana, ninalia.