Pingamizi Nililomwekea Jirani Yangu

Mimi ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, na ugonjwa wa kufundisha haujanitoka. Kwa hiyo mtendaji wa mtaa wetu, huku Kinyerezi, alipoomba watu wa kujitolea kuwaelimisha wakazi kuhusu uchaguzi wa serikali za mitaa, hata hakumaliza sentensi, mkono wangu ulikuwa juu. Nilipewa daftari na fulana iliyonipwaya hadi magotini, nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Kazi yenyewe ilikuwa kubishana. Mwenye genge la mboga alinionyesha kadi yake ya mpiga kura, ameifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni, akasema yeye alishajiandikisha zamani. Nikamweleza kwamba kadi ile ni ya kuchagua rais, mbunge na diwani. Mwenyekiti wa mtaa ana orodha yake, inaandikwa upya, na asiyekwenda kuandikwa atabaki nyumbani na kadi yake safi. Fundi cherehani alidai uchaguzi wa mtaa ni wa wenye nyumba, yeye ni mpangaji tu. Nikamwuliza kama taka zake nazo zinajua kuwa amepanga. Nina ulimi, nakiri. Lakini alikwenda kuandikwa.

Aliyekuwa na sababu ya kupiga kura kuliko sote ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mama Mapacha, anayepika vitumbua barazani kwake kila asubuhi. Kivuko cha mbao cha kwenda shuleni kilisombwa na mvua za masika, na tangu hapo, mvua ikinyesha, anawavusha wanawe mgongoni, mmoja mmoja, viatu vyao amevishika mkononi. Hakuwahi kwenda ofisi ya mtaa kukiulizia.

"Naona aibu, Mwalimu," aliniambia huku akigeuza vitumbua. "Mie sijampigia kura mtu yeyote pale. Nitaonekana kama mgeni aliyekuja kudai chai."

"Basi kajiandikishe, upige kura, halafu uende ukiwa mwenyeji."

"Na upangaji wangu?"

"Na upangaji wako."

Siku ya mwisho ya kujiandikisha alizima jiko kabla ya wakati, akajitanda khanga, akaenda peke yake. Aliporudi alinipa vitumbua vinne, akakataa hela. "Tayari," alisema. "Sasa na mie nina mdomo."

Baada ya hapo orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ili kila mkazi aikague. Hapo ndipo nilipoharibu. Mtaani kulikuwa na maneno kwamba kuna watu wataletwa kutoka mitaa mingine kuja kupiga kura kwetu, na mimi nikajipa cheo cha kuwakamata. Nilikwenda na miwani yangu na kalamu nyekundu. Nilipitia jina moja baada ya jingine mpaka nikakutana na mwanamke mmoja mwenye majina matatu, la mwisho refu la huko bara, ambaye ameandikwa kwamba anaishi kwenye nyumba iliyo jirani na yangu. Nikatabasamu. Kwenye nyumba ile namjua kila mtu, hadi kuku.

Nikaomba fomu ya pingamizi. Karani aliniuliza kama nina uhakika.

"Mwanangu, mtaa huu naujua kama sebule yangu," nilimjibu, nikaandika kwa mwandiko wa ubaoni kwamba mtu huyo hayupo.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kununua vitumbua kama kawaida. Mama Mapacha aliniamkia shikamoo bila kuinua uso. Alikuwa na barua kifuani.

"Wameniita ofisini," alisema. "Kuna mtu kaandika kwamba mie sipo. Nisipoonekana leo kabla ya saa kumi, jina linafutwa."

Nikaifungua barua. Majina yalikuwa yale yale matatu. Miaka saba tumeazimana chumvi, nimewabeba wale mapacha wakiwa wachanga, na sikuwahi kujua mama yao anaitwa nani. Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linakunjwa na kuwekwa kabatini. Ila hilo halikuwa la kujitetea nalo.

"Ni mimi niliyeandika," nikamwambia.

Vitumbua vikaanza kuungua, wala hakuvigusa. "Wewe uliyenituma," alisema mwishowe.

Tulikwenda ofisini pamoja, yeye mbele, mimi nyuma na fulana yangu ya uelimishaji, ambayo siku hiyo nilitamani ingekuwa ya mtu mwingine. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa dada kijana, mpole, anayefuata taratibu.

"Aliyeweka pingamizi ni nani?"

"Mimi."

"Na shahidi wa kwamba huyu mama anaishi hapa?"

"Mimi pia."

Akaweka kalamu chini, akaficha mdomo kwa kiganja. Kisha akanipa karatasi niandike kwamba naliondoa pingamizi langu, na majina yote matatu ya mwekewa pingamizi yakae kikamilifu. Nikaandika. Mama Mapacha akasoma juu ya bega langu.

"Jina la babu umelikosea. Anza upya, Mwalimu."

Nikaanza upya. Mara ya tatu ndipo akaridhika, na hapo ndipo alipocheka, kicheko chake cha siku zote cha kutikisa mabega. Nilipomsikia nilifurahi hadi machozi yakanilenga. Jina likabaki kwenye orodha.

Siku ya kupiga kura tulitoka wote alfajiri, tukapanga mstari, mimi mbele yake. Karani alikuwa akisoma jina la kila mtu kwa sauti ili mawakala wa vyama waweke alama kwenye nakala zao. Nilipofika mezani akasoma langu. Sauti ikatoka nyuma yangu.

"Huyo mie simjui. Hapa kwetu tuna Mwalimu tu."

Mawakala wakainua shingo. Kalamu ya karani ikasimama hewani.

"Namtania," akasema Mama Mapacha, kisha akanitaja majina yangu yote matatu, hadi la babu, bila kukosea herufi. Mstari mzima ukacheka.

Nikamgeukia. "Uliyajua lini?"

"Siku ya kukagua orodha. Nilianza kutafuta la kwako, kwa kufuata nyumba yako, nisije nikafika huku nikakuta wewe umesahaulika. Langu nikalitafuta baadaye."

Mimi nilikuwa nimekwenda kwenye ukuta ule ule kutafuta nani wa kumtoa.

Karani alimwita asogee, akamwuliza anaitwa nani. Kabla hajafumbua mdomo nikawa nimeyataja yote matatu, kwa sauti ya darasani.

"Mwache aseme mwenyewe, mama," karani akaniambia.

Akasema mwenyewe, taratibu, moja baada ya jingine, na mawakala wakaweka alama.