Aya Moja ya Baba Eunice

Mimi ni Mhaya, na utani wote wa Wahaya na Kiingereza nimeshausikia, kwa hiyo usinichoshe. Nafundisha Kiingereza sekondari ya kata huku upande wa Machochwe, jirani kabisa na hifadhi ya wanyama. Nilipoletwa nilijua nitakaa kidogo kisha niombe uhamisho. Niliomba, haukuja. Watoto wangu wamekulia hapa, mahindi yangu yameliwa na tembo kama ya watu wengine, na Kikurya nakielewa hata kile ninachosengenywa nacho. Nasema haya ili ujue kwamba nikimsema Ezra Wangwe, simsemi kama mgeni.

Ezra ni baba yake Eunice, binti aliyekuwa darasani kwangu, kidato cha pili wakati huo. Ni mtu mrefu, mpole, mkulima mwenye ng'ombe wachache, aliyemaliza kidato cha nne zamani akaambulia ziro. Siku ya kwanza alipokuja kwangu nilikuwa nachambua mboga. Akanipa shikamoo. Akauliza watoto, akauliza kuku, akauliza kama mvua ya kwetu Bukoba inanyesha kama ya huku. Tukaongea habari za fisi aliyeingia kwa jirani mpaka mboga zikaiva, akala, akashukuru, akachukua fimbo yake. Alipofika mlangoni ndipo akageuka.

"Sasa mwalimu, nilikuwa naomba unifundishe kuandika aya ya Kiingereza."

Ndivyo walivyo huku. Jambo zito linatolewa mwisho, mtu akiwa anaaga. Ukilianza ukiwa ndiyo kwanza umeingia, unaonekana umekuja kugombana. Mama yake Ezra alipofariki, Ezra mwenyewe ndiye aliyekuja kunipa habari, na tulianza na mvua.

Shida yake ilikuwa hii. Kampuni moja ya utalii ilikuwa ikichukua watu wa vijiji vya pembezoni mwa hifadhi na kuwafundisha kuongoza wageni. Mwisho wa umri ni miaka thelathini na mitano. Usaili unafanyika Mugumu. Kwenye kuongea Ezra hakuwa na tatizo. Kilichokuwa kinamwangusha ni karatasi: andika aya moja kwa Kiingereza, isizidi mistari kumi, eleza kwa nini unaifaa kazi hii. Alikuwa ameshaanguka mara mbili, na mwaka huo ndio ulikuwa wa mwisho kwake. Akiipata kazi, nyumba inakula na Eunice anasoma. Akiikosa, hakujua itakuwaje. Shamba lake liko ukingoni kabisa, na misimu miwili mfululizo tembo walivuna kabla yake.

Nikamwambia aniandikie alichoandika mwaka uliopita. Jamani. Aliwasalimu mabosi, akawasalimu wake zao na watoto wao, akawaombea afya. Akasema yeye ni mzima. Akataja baba yake, babu yake na kijiji chao. Mstari wa tisa ndipo kazi ikaanza kutajwa, na wa kumi ukaisha sentensi ikiwa katikati. Msahihishaji hakufika huko, na simlaumu sana, maana na mimi nasahihisha rundo la madaftari kila wiki na najua uvivu wa jicho lililochoka.

"Baba Eunice," nikamwambia, "salamu zinamaliza mistari."

Tukaanza. Tulikuwa tunakaa darasani jioni, wanafunzi wakishaondoka. Nilimwambia sentensi ya kwanza ni yule ng'ombe anayetangulia: akijua anakokwenda, wengine wanamfuata. Hapo alicheka, akaelewa. Sentensi ambayo si ya kundi hilo irudishe kwa wenyewe, hata kama ni nzuri, hata kama inamtaja babu. Wazo moja, aya moja. Ukisema unawajua wanyama, nionyeshe, taja siku moja na ulichofanya siku hiyo. Sentensi ziwe fupi na zishikane, hii ilete ile. Ya mwisho ifunge lango.

Kuelewa ni kitu kimoja, kuandika ni kingine. Alikuwa anatoa jasho kama analima. Mimi nina hasira za karibu, sifichi, na nilimgombeza mtu mzima yule mbele ya ubao kama mtoto. "Jambo lako liko wapi? Mbona umelificha huko chini? Lilete juu!" Anasema samahani mwalimu, anachana karatasi, anaanza tena. Kule senta, penye maduka, wenzake walimcheka: mura, umezeeka ndiyo unaenda shule? Mke wake, Waisiko, alinisimamisha njiani akaniambia kwa upole kwamba namtia mumewe tamaa ya bure. Nilikasirika siku nzima.

Halafu jioni moja akaweza. Aliingia, akanisalimu, akauliza kuku, akakaa kwenye dawati la mbele akaandika. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi: Nafaa kuongoza wageni kwa sababu nimekulia mpakani mwa hifadhi. Tangu utotoni nimejifunza kutambua nyayo na kujua mnyama amepita lini. Mwaka jana tembo walipoingia shambani kwetu, niliwatoa majirani wote kwa njia salama na hakuna aliyeumia. Wageni wakinifuata, watarudi salama.

Niliisoma nimesimama. Nilikosoa herufi moja moja, lakini aya ilikuwa aya, imesimama kwa miguu yake. Nilifurahi kuliko ninavyofurahia matokeo ya darasa zima. Tukarudia wiki hiyo yote na iliyofuata, kwa maswali tofauti, na kila mara alianza na jambo lenyewe. Eunice alikuja akaisoma kwa sauti mbele ya baba yake, na Ezra akainamisha kichwa kwa aibu ya furaha. Nikamwambia aende Mugumu bila wasiwasi.

Majina yalipotoka, la kwake halikuwepo.

Nilijua kuna kosa limefanyika. Nikamfuata kwake. Nilimkuta anarekebisha uzio wa miiba, akanipa kigoda, akaanza kuniambia habari za wingu lililokuwa limetanda upande wa Mbalibali. Nikamkatiza.

"Ezra, uliandika nini?"

Alikaa chini kando ya uzio.

"Mwalimu, yule mtu aliingia akasema kaeni, andikeni. Yeye hakutusalimia, na sisi hakutupa nafasi ya kumsalimia. Nikaandika ile sentensi ya kwanza kama ulivyonifundisha. Nikaiangalia. Nikaona nimeingia kwa mtu mkubwa, nisiyemjua, bila hodi, na tayari nimeanza kuomba. Nikaifuta. Nikamsalimia kwanza."

"Mbona kwangu ulikuwa unaweza?"

"Wewe nilikuwa nimeshakusalimia mlangoni."

Wiki zote zile nilidhani amejifunza, kumbe salamu ilikuwa inatangulia kwa mdomo, na aya inaingia nyuma yake. Niliumia, kwa kweli niliumia. Nilimkasirikia yeye, kisha nikamkasirikia yule bwana wa kaeni andikeni. Angesema habari zenu tu. Ezra angejibu nzuri, angeandika, na leo angekuwa amevaa sare ya kijani anaongoza wageni. Nilirudi nyumbani nikawafokea wanangu bila sababu.

Mwaka ukageuka, umri ukampita. Tembo wakaja tena, safari hii mahindi yakiwa yamebeba, na walichoacha kikakanyagwa. Ng'ombe wakauzwa mmoja mmoja. Waisiko akachukua watoto wao wadogo akarudi kwao Nyanungu. Eunice alikuwa ameingia kidato cha tatu, akaanza kukosa shule, leo yupo, kesho hayupo. Nikimuuliza anasema anapika.

Jumatatu moja asubuhi nilikuwa nafagia uwanja wangu kabla ya kwenda shule. Ezra akaja na mfuko wa salfeti mkononi, akasimama mbele yangu. Hakunipa shikamoo.

"Mwalimu, Eunice harudi shule," alisema. "Nyumbani hakuna chakula kwa sababu shamba limeliwa lote. Mama yake ameondoka, na mimi leo naenda machimboni, kwa hiyo hakuna mtu wa kubaki naye. Jana nimempeleka Sirari kwa mama mmoja mwenye duka, akamlelee mtoto. Imeisha hivyo."

Nilibaki nimeshika ufagio. Jambo lilikuwa mbele, sababu nyuma yake, moja ikileta nyingine, na ya mwisho imefunga. Hapakuwa na neno la kukata. Nikasubiri aniulize watoto, aniulize kuku, aseme chochote kuhusu mvua. Nilitamani sana aseme kuhusu mvua.

"Baba Eunice," nikasema, "hujanisalimia."

"Salamu zinamaliza mistari, mwalimu."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayejibu swali darasani. Kisha akaweka mfuko begani akashika njia ya stendi, na mimi nikaenda kujiandaa, maana kipindi changu cha kwanza kilikuwa kidato cha tatu.