Kunzes Alivyotafutwa Asipatikane

Kunzes alipanda mlima kutwa nzima, siagi mgongoni, hadi nyumba ya watawa wa Kibudha. Mwalimu mkuu alingoja neno lake: binti wa Kunzes, Yanskit, abaki masomoni miaka kumi mingine, au arudi nyumbani? Kunzes alikuwa mjane, magoti yameanza kumsumbua. Njia nzima alisema moyoni, arudi.

Aliwakuta watawa uwanjani wakihojiana. Yanskit alikuwa amesimama, mwenzake ameketi mbele yake. Kwa kila swali Yanskit alikita mguu na kugonganisha viganja vyake mara moja kwa kishindo, kama wafundishwavyo.

“Mama yangu ni mikono yake?” Yanskit akamuuliza mwenzake.

“Siyo.”

“Ni sauti yake? Ni jina lake?”

“Siyo.”

“Basi tukimtafuta humo mote, yuko wapi?”

“Hapatikani!”

Paa! Watawa wakashangilia.

Kunzes akatua mzigo. Hapatikani? Yeye aliyembeba miezi tisa?

Yanskit akamwona, akaja mbio. “Mama! Umefika saa ngapi?”

“Nani kafika? Si hapatikani!”

Yanskit akacheka hadi akashika mbavu. “Hatukusema hupo. Hupatikani peke yako, mbali na vingine. Bila mimi ungeitwa mama wa nani? Hata siagi hiyo: toa ng’ombe, toa nyasi, toa mikono yako, inabaki nini?”

“Hakuna kitu.”

“Ndiyo utupu wenyewe.”

“Utupu gani, na umenivunja mgongo?”

“Hilo nalo kweli, mama.”

“Yote mawili?”

“Yote mawili.”

Kunzes alijaribu kuyashika yote mawili kwa pamoja. Alipolikamata moja, la pili likamponyoka.

“Mbona mnamtafuta mama? Mawe yamejaa hapa.”

“Mawe ni rahisi,” Yanskit akasema, kicheko kimemwisha. “Mwalimu anasema tuanze na yule tunayemng’ang’ania kuliko wote.”

Kunzes akamtazama. Hakujua kama ametukanwa au amepewa zawadi. Alichokiona ni uso wa binti yake unang’aa, na zizini haukuwahi kung’aa hivyo hata siku moja.

Akaenda kwa mwalimu mkuu, hajaelewa bado.

“Abaki,” akasema. “Ila wakati wa mavuno mnipe binti yangu. Shayiri yangu inapatikana, na haitavunika yenyewe.”