Tambi Nilizolishwa Siku ya Idd

Harufu ya iliki na sukari inayoungua kidogo kwenye mafuta bado hunipandisha hasira, ingawa nimefikia umri ambao watu wanatarajia niwe nimeshasamehe. Wenzangu niliokua nao Temeke wakiisikia asubuhi ya Idd hukumbuka nguo mpya na senti walizopewa na wakubwa. Mimi hukumbuka sahani ya tambi, na hukumbuka miguu yangu, ambayo mwaka ule, Mwingereza akiwa bado anatutawala, ilikuwa myepesi kuliko ya msichana yeyote niliyemjua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Shuleni kwetu alikuwa ameletwa mwalimu wa kike kutoka bara, Mwalimu Ester, Mkristo, mwembamba, asiyecheka ovyo. Alituchagua wasichana wanne wa mbio za kupokezana kijiti, na wa tano wa akiba, twende tukashindane na shule nyingine mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa wilaya, na mkewe. Mimi aliniweka wa kumalizia. Kila siku kulipopambazuka tulikimbia pekupeku kwenye njia ya mchanga iliyopita kati ya minazi na mashamba ya mihogo, mpaka mbavu zinachoma. Lakini kukimbia kulikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa mdomoni. Kwa wiki sita tusiguse sukari: vitumbua, kashata, chai ya sukari, vyote marufuku. Tule muhogo wa kuchemsha, kunde, mchicha na samaki wa kuchoma, tunywe maji. "Sukari itakukimbiza hatua kumi, halafu itakuacha barabarani peke yako," alituambia, na akaongeza kwamba atakayeonja hata mara moja ametoka. Kila asubuhi alitupanga mstari akatuuliza mmoja mmoja kama tumekula kitamu.

Mama alinicheka, kisha akanisaidia. Uji wangu aliutenga pembeni akautia chumvi na ndimu. Wiki ya kwanza nilikuwa na kichwa kizito na roho mbaya, nikigombana na kila mtu. Wiki ya tatu nilianza kuusikia utamu wa muhogo wenyewe, ule mdogo ambao sukari huufunika, na pumzi zangu zikawa hazinikatikii tena njiani. Nilijiona mtu, na sidhani kama nimewahi kujiona hivyo tena. Zuhura, yule msichana wa akiba, alikuwa akitafuna kashata nyuma ya jiko la shule, anajifuta mdomo kwa kiganja, kisha anakwenda mstarini kujibu kwamba hajala kitu. Nilimwona mara tatu na sikumsema, kwa kuwa alikuwa rafiki yangu.

Wiki ya tano ikaangukia Idd ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja. Dada yake baba, Shangazi Saida, alikuwa ameolewa na Mwarabu mwenye duka, na kwake sukari haikupimwa kwa kijiko. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Sisi tulinunua robo ratili tukaificha, yeye aliimwaga. Tulipokwenda kumwamkia, alinitengea tambi zinazong'aa kwa sukari, zabibu kavu juu, na kipande cha halua pembeni. Nikasema ahsante, shangazi, nimeshiba. Akanisukumia sahani. Nikairudisha taratibu, kwa adabu zote nilizofundishwa. Kwa mtoto wa leo hilo ni jambo dogo. Kwetu, kukataa chakula cha ndugu yako wa damu siku ya Idd ni kususa, na anayesusa ana sababu, na sababu ile watu wazima huijua kabla hujafungua kinywa: umeambiwa kwamba mkono uliopika si salama. Na aliyekuambia hawezi kuwa mwingine isipokuwa mama yako, wifi mtu.

Kufikia alasiri tulikuwa tumekalishwa kitako ukumbini kwa shangazi: baba, mama, shangazi na mumewe, na majirani wamejaa mlangoni kana kwamba wamealikwa. Shangazi alikuwa analia kweli. "Wifi, sema mbele ya watu. Chakula changu kina nini, hata mtoto wa kaka yangu akisusie?" Mama akaeleza habari za shule, mbio na mwalimu, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Shule gani inamkataza mtoto sukari, walimcheka. Kwani imekuwa haramu? Hakuna aliyeniuliza mimi. Sahani ikaletwa, ileile, tambi zimeshapoa.

"Kula, shangazi yako akuone," baba akasema.

"Baba, nitatolewa."

"Nimesema kula."

Nikala. Nilikula mpaka sahani ikabaki nyeupe, kisha halua, huku macho yote yakiufuata mkono wangu toka sahanini hadi mdomoni. Mama aliangalia jamvi. Na kilichoniudhi kuliko yote ni kwamba zilikuwa tamu. Mwili wangu ulizifurahia bila kuniuliza. Shangazi akafuta machozi, wakakumbatiana na wifi yake, kahawa ikaletwa, wakaanza kuzungumza mambo mengine. Amani yao ilikuwa imepita kooni mwangu, na hakuna aliyenipa hata pole.

Shule ilipofunguliwa baada ya Idd nikasimama mstarini nikasema kweli, nikadhani mwalimu atanielewa. Mwalimu Ester alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Walikufunga mikono?" Nafasi yangu akapewa Zuhura, ambaye dakika moja kabla alikuwa amejibu kwamba hajaonja kitu. Siku ya mashindano nilikaa chini na watazamaji. Wenzangu watatu wa mwanzo walitupatia uongozi wa hatua nyingi, Zuhura akapokea kijiti, na kabla ya kufika nusu alikuwa anashika mbavu. Tulikuwa wa tatu. Waungwana huandika mahali kama hapa kwamba pengine hata wao wasingeshinda. Mie siandiki hivyo. Ningeshinda.

Siku hizi nasikia watu redioni wakisema wazee wetu walikula chakula cha asili na hawakuijua sukari. Uongo mtupu. Tuliijua, tuliipenda, tuliifanya kipimo cha heshima, na ndiyo maana leo nusu ya ukoo wetu tunakutana kliniki ya kisukari. Mwaka jana, kwenye harusi Kinondoni, bibi harusi alikuwa anawalisha ndugu keki kwa mkono wake. Mjukuu wangu Rahma, wa miaka kumi na minne, anakimbia mbio za mashindano, na ameacha vitamu kwa hiari yake. Alifunga mdomo, akatabasamu, akatikisa kichwa. Mshereheshaji akamtania kwenye kipaza sauti, ukumbi ukacheka, na uma wenye keki ukabaki umening'inia mbele ya uso wake. Mama wa bibi harusi, binti wa mdogo wangu, akaniinamia sikioni: "Mamkubwa, hebu mwambie ale, anatuaibisha." Wote wakanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na neno langu lingemaliza.

Nikainuka kwa shida zangu. "Mdomo ni wake," nikasema. "Mwacheni."

Mama wa bibi harusi hajaniamkia tangu siku ile. Asiniamkie.