Kiti cha Dirishani

Juzi, kwenye ofisi ya tiketi pale Fordsburg, mbele yangu walisimama mzee mmoja wa Tanga na mkewe asiyeona. Walikuwa wanapanga kwenda Ufaransa, wazunguke kwa gari mashamba ya mizabibu ya Bordeaux.

"Lakini mzee, kule ni divai tu," alisema binti wa kaunta.

"Hatunywi. Tunakwenda kutembea."

Binti akafungua picha za majumba ya kifahari na mizabibu iliyostawi ya mwezi wa sita. Mzee hakuziangalia, alimgeukia mkewe.

"Zabibu wanazikamua lini?" bibi akauliza.

"Mwezi wa tisa, bibi. Kijiji kizima hunukia."

"Basi tuandikie mwezi wa tisa."

Binti akazifunga picha taratibu, kama mtu anayepunguza sauti ya redio. Kisha akauliza nani akae dirishani kwenye ndege.

"Mimi," bibi akajibu, mkono wake ukitafuta bega la mumewe. "Akikaa yeye, ataangalia peke yake. Nikikaa mimi, itabidi anisimulie."

Zamu yangu ikafika, nikaulizwa swali lile lile. Eish! Mimi hudai dirisha kila safari, na ndege ikishapaa nafumba macho mpaka tunatua.