Sufuria ya Alfani na Kanga ya Biasha

Biasha aliolewa na Alfani kwa sababu moja kubwa: hakuwa mvuvi. Nasema haya kwa kuwa mimi ndiye jirani yao hapa Mwabungo, tumetengwa na ua wa makuti tu, na shoga yangu hajawahi kunificha kitu. Baba yake alikwenda baharini na chombo kinachovuja, likarudi kasia peke yake. Tangu hapo Biasha hakutia hata unyayo baharini, akala kiapo kwamba mvuvi hatalala nyumbani mwake. Alipoletewa posa ya mtunza bustani wa nyumba moja ya wageni kule Diani, mtu wa maua na majani, alikubali kabla mshenga hajamaliza kahawa yake.

Basi fikiria uso wake siku Alfani alipoingia uani na mkokoteni, na juu yake boti.

Ilikuwa boti ndogo ya alumini. Mwenye nyumba ya Diani alikuwa ameiuza akaenda zake, na kazi ya bustani ikaisha. Boti ilikuwa imelala miaka nyuma ya nyumba imepandwa maua, tena na Alfani mwenyewe, naye akaiomba siku ya kuagana. Alikuwa anaona haya kukaa bure, hilo nalijua, lakini mwanamume haya zake huzifunika kwa mbwembwe.

"Mama Hafsa," alimwambia mkewe, "nitavua."

Biasha alijifunga kanga yake vizuri. "Utatoka na kitu hicho siku nitakapoketi mimi ndani yake, baharini, na kanga yangu irudi kavu." Akaingia jikoni. Alijua, nami nilijua, kwamba siku hiyo haimo katika kalenda.

Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Alfani aliisugua boti kwa mchanga na makumbi ya nazi hadi ikang'aa. Kheri mvuvi, akipita na nyavu begani, akasimama.

"Subalkheri, Bwana Alfani. Leo mnapika nini?"

Tangu siku hiyo boti ikaitwa Sufuria.

Sufuria ilivuja kwenye kila ribiti, zile pini za chuma zinazoshika bati kwa bati. Sasa, kwetu chombo cha mbao kikikaa nchi kavu muda mrefu, mbao husinyaa na maungio yakaachana. Dawa yake ni kukiloweka: mbao hunywa maji, zikavimba, zikajiziba zenyewe. Kila mtu hapa anajua hilo, na Alfani ni mtu wa hapa. Akaipeleka Sufuria kwenye maji madogo ya ufukweni, akaizamisha kwa mawe, akangoja ivimbe. Kila asubuhi alikwenda kuibonyeza kwa kidole.

Ilipokataa kuvimba aliirudisha nyumbani, akaikalafati, akishindilia mianya kwa pamba na mafuta ya papa. Wahenga walisema ufa uzibwe. Hawakusema bati lipakwe mafuta ya papa. Paka wote wa Mwabungo walihamia kwetu, na pamba ikang'oka mara tu boti iliporudi majini.

Biasha ni mpishi wa harusi, na masufuria yake ndiyo yanayolisha pilau mtaa mzima. Siku moja alikuwa anakuna nazi huku akimtazama mumewe akipaka mafuta upya, uvumilivu ukamwisha.

"Baba Hafsa, sufuria haivimbi."

"Najua."

"Hujui. Iweke juu ya matofali, ijaze maji, kisha ulale chini utazame."

Hivyo ndivyo anavyokagua masufuria yake kila harusi ikikaribia. Alfani alilala chini, matone yakamdondokea usoni, kila tone likitaja ribiti iliyolegea, naye akazitia alama kwa makaa. Kukaza ribiti kunataka watu wawili, mmoja agonge kwa nje, mwenzake akinge chuma kizito kwa ndani. Nilipochungulia juu ya ua, aliyekuwa ndani ya boti na chuma ni Biasha.

"Shoga," nikamnong'oneza, "wamsaidia kwenda baharini?"

"Atakwenda tu. Anaona haya kula jasho langu. Kama nimeshindwa kumzuia, basi aende na kitu kizima."

Akakiinua tena chuma chake.

Wakaikausha, wakapaka gundi ya fundi bomba kwenye kila ribiti na kila mshono, ikashika. Wakaijaza maji tena. Chini pakabaki pakavu.

Asubuhi ya maji kujaa, Biasha alinishika mkono mpaka ufukweni. Kheri na wenzake waliacha nyavu wakatazama. Alfani alimbeba mkewe kama bibi harusi, tena bibi harusi aliyeshiba, akamketisha, akaisukuma boti mpaka maji yakamfika kifuani. Biasha alikuwa amefumba macho akisoma dua.

"Shoga, kanga?" nikapaza sauti.

Akapapasa chini yake. Akafumbua macho. "Kavu!"

Hapo akamwona mumewe, ameng'ang'ania ukingo kwa mikono miwili.

"Mbona huingii?"

"Nashikilia."

"Washikilia nini, na haivuji?"

"Nakushikilia wewe."

Biasha akamtazama. "Basi panda, unishikie humu ndani."

Alfani akapanda kwa pupa. Sufuria ikainama, wimbi likaruka ukingo, likamwagika lote mapajani mwa Biasha. Alfani akaitazama kanga ile, akainamisha kichwa, akaanza kushuka.

Biasha akamshika shati. Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa mchangani, akatangaza kwa sauti ya mpishi wa harusi, "Kanga imerudi kavu, mashahidi ni nyinyi!" huku akiukamua upindo wake nje ya boti.