Alhamisi Iliyotoka Kikapuni

Mimi watu wa kuhesabu herufi za Maandiko sikuwahi kuwaamini, hata kabla hawajagusa macho ya mama yangu. Nimefundisha darasa la sita hapa Bunia miaka mingi. Mtoto akinipa jibu la hesabu bila kuonyesha njia, namwekea sifuri, arudi kukaa. Sasa mtumishi wa chumba chetu cha maombi yeye alikuwa anatoa majibu tu. Njia, alisema, imefichwa.

Alikuwa mwanaume wa makamo, sauti ya upole, na kurasa za kitabu chake zilijaa viduara vya kalamu nyekundu. Alikuwa anaruka herufi sita, anazungushia ya saba, anashuka mistari, mara nyingine anarudi kinyumenyume mpaka neno litoke. Likitoka neno "vita", watu wote wanashika kichwa. Nani asishike? Ilikuwa miaka ile ya amani nusu nusu. Soko lilijaa, moto, pikipiki za abiria, zilipiga honi tangu asubuhi, magari meupe ya walinda amani yalipita, na bado kila nyumba ilikuwa na begi lililofungwa nyuma ya mlango. La kwetu lilikuwa na nguo, chumvi na vyeti vya shule. Mtu wa kutabiri vita hapa kwetu Ituri anahesabu herufi za nini? Akae tu, angoje.

Macho ya mama yalikuwa yameingia utando mweupe. Kitabu chake cha Maandiko alikipakata, anafungua, anapapasa ukurasa, anafunga tena. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilimwonyesha mwanga wa dirisha na kivuli changu, basi. Tukapata randevu, miadi ya operesheni, kule hospitali ya Nyankunde, siku ya Jumanne. Daktari alituambia wazi kwamba tukikosa siku ile, kwa jicho la kulia hatatuahidi kitu.

Kwetu huanzi safari hivi hivi. Unaandika ombi lako kwenye kikaratasi, unakikunja, unakitia kwenye kikapu cha chumba cha maombi. Waombaji wanafunga, wanaomba, halafu vikaratasi vinachomwa bila kufunguliwa. Mama hakuweza kuandika, kwa hiyo niliandika mimi, Jumapili, juu ya goti, wimbo wa mwisho umeshaanza na watu wananipita kwa viwiko. Nilichana karatasi kwenye daftari langu la maandalizi. Kalamu ilikuwa mbovu, nikaikandamiza. Niliandika: macho ya mama, njia ya Nyankunde, wiki ijayo, na siku yenyewe.

Jumatano mtumishi akasimama, kitabu wazi mkononi.

"Nimehesabu," akasema. "Kumetoka njia. Kumetoka macho. Kumetoka damu. Kuko mama mumoja humu anataka kushuka Nyankunde wiki inayokuja, siku ya Alhamisi. Asiende!"

Mama alinishika kifundo cha mkono mpaka nikaumia. Tulipofika nyumbani akasema, "Umesikia? Sitaenda."

"Mama, njo ule mutu amekuwa daktari?"

"Weye iko naongea sana. Damu ikimwangika njiani, utaniokota weye?"

Kesho yake nilikasirika siku nzima, hadi wanafunzi wangu wakaandika imla bila hata kukohoa. Walipoondoka nikachukua kitabu chao cha kusoma, hadithi ya mkulima na mbuzi wake, nikahesabu kama mtumishi, kwenda mbele, kushuka, kurudi. Ukurasa wa tatu nikapata "vita". Vita, kwenye mbuzi! Nikacheka peke yangu darasani.

Halafu kicheko kikakatika. Herufi zinaweza kutoa vita, sawa. Lakini Alhamisi ilitoka wapi? Randevu yetu ilikuwa Jumanne. Nilitoa kadi ya hospitali kwenye mkoba, nikaisoma mara mbili: Jumanne. Nikafungua daftari pale nilipochana ile karatasi. Nikauinamisha ukurasa wa chini kwenye mwanga wa dirisha, na alama za kalamu zikaonekana, herufi zangu za ualimu, nzuri kabisa. Wiki ijayo, Alhamisi. Alhamisi ilikuwa siku ya mtihani wa darasa langu, na ndiyo iliyokuwa inazunguka kichwani siku ile. Kumbe mtumishi hakuhesabu kitu. Alisoma kikapu, na kosa langu akalisoma pamoja nacho. Hasira ilinishika.

Nilitembea mbio mpaka nyumbani nimwambie mama. Nilimkuta uani anachambua maharagwe kwa vidole, na kabla sijafungua kinywa akasema:

"Nimefikiri. Mutumishi alisema Alhamisi. Randevu yetu iko Jumanne. Mungu ametuonyesha siku mubaya, basi siye tupite mbele yake."

Nilisimama pale na ule ukweli mdomoni. Nikimwambia, atasema namtukana mtumishi wa Mungu, na atabaki nyumbani na jicho lake. Nikaumeza.

"Ndiyo, Mama," nikasema. Niliona haya.

Tulienda Jumanne kwa moto. Kwenye kizuizi askari alimtazama mama machoni, akatupungia tupite. Nilichungulia kila kona njia nzima, kwa sababu mtumishi kuwa mwongo hakuifanyi barabara iwe salama. Tukafika. Siku waliyomfungua bendeji mama alinitazama, akasema, "Aka! Umezeeka, mutoto wangu." Tukacheka, tukalia. Alhamisi yenyewe watu waliendelea kuingia hospitalini kutoka Bunia, wamelowa mvua tu.

Tuliporudi, mtumishi alimsimamisha mama atoe ushuhuda. Hesabu imeokoa macho, mtumishi akatangaza, na watu wakapiga vigelegele. Akampa kalamu nyekundu. Na mama yangu, kwa jicho lile nililompeleka mimi, akaanza kukaa dirishani kila asubuhi akizungushia herufi. Nilikuwa nikimshuku mtumishi peke yake. Sasa nilijishuku na mimi.

Kisha akaja mama jirani na kikaratasi kitupu. Binti yake ana mimba, ya kwanza alizaa kwa kupasuliwa, na daktari amesema hii akazalie Nyankunde, asingoje uchungu.

"Niandikie, mwalimu, mwandiko yako iko muzuri. Atashuka Ijumaa."

Mama alikuwa pale mezani, kalamu nyekundu mkononi. Nilishindwa kuandika. Nililileta lile daftari, nikalifungua mbele yake.

"Mama, ile Alhamisi niliiandika miye. Nilikosea. Ilitokea kikapuni."

Aliuinamisha ukurasa kwenye mwanga, akasoma mwenyewe, taratibu, mdomo unasogea.

"Ulijua mbele ya safari?"

"Nilijua."

"Na ulinyamaza."

"Ungekatala kwenda, Mama."

Nilingoja matusi. Hayakuja. Aliangalia kitabu chake chenye viduara, akafunika kalamu, akamgeukia jirani.

"Binti yako aende Ijumaa," akasema. Kisha akanisogezea kile kikaratasi. "Andika jina ya binti. Siku usiandike."